Uzi maalumu: Tabia hatarishi za ulaji kwa vijana wetu zipo, na ni nyingi kuliko tunavyohesabu

Muuguzi wa Bweni (mleta uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni muuguzi, nahudumu kwenye zahanati ya shule ya bweni ya wasichana. Jina la shule halina umuhimu hapa, maana haya ninayoyaleta wenzangu wa shule nyingine nao wanayaona. Naomba mnisome hadi mwisho, hasa mwenye mtoto wa miaka 12 hadi 19.

Ukifungua daftari letu la wagonjwa, ukiacha malaria na mafua, kinachojaa kurasa ni "vidonda vya tumbo". Binti haendi bwaloni, anasema maharage yanamchoma. Matroni anampa ruhusa, mimi nampa dawa ya kutuliza asidi, mzazi anapigiwa simu, basi. Wapo ambao tumbo linawauma kweli, na hao tunawatibu. Lakini wapo wengi ambao vidonda vimekuwa kinga yao. Ukishasema una vidonda, hakuna anayekuuliza tena kwa nini huli.

Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja, mlango umefungwa, hakuna mwalimu: "Mara ya mwisho kula ukashiba ilikuwa lini? Na ulipomaliza kula ulifanya nini?" Majibu yao ndiyo yaliyonileta hapa. Mmoja anapokea sahani kama wenzake, anamega ugali, anaufinyanga matonge madogo madogo na kuyapanga ukingoni mwa sahani, anachovya kidole kwenye mchuzi analamba, halafu sahani anamsogezea jirani. Meza nzima inajua, na jirani anashukuru kwa kuongezewa. Mwingine siku za masomo anaishi kwa chai ya rangi na maembe mabichi yenye chumvi. Ikifika siku ya wazazi kutembelea, anakula kila kilicholetwa, mkate mzima, kuku, biskuti za wenzake, mpaka hawezi kuinama, na usiku anakwenda chooni kujitapisha. Wa tatu alipewa sanamaki na ndugu yake "asafishe tumbo", na sasa bila sanamaki hapati choo.

Kati ya hao, hakuna ambaye ungepishana naye njiani ukasema anaumwa. Yule anayejitapisha ni mnene, tena shule nzima inamtania kwa unene.

Ninaposema tabia hatarishi za ulaji nina maana hizi: kuruka milo kwa makusudi ili upungue, kukaa siku nzima bila kula kwa sababu hiyohiyo, kufakamia chakula hadi unahisi huwezi kujizuia, kujitapisha, kutumia dawa za kuharisha au za kukojoza, kunywa vidonge na machai ya kupunguza mwili, na kufanya mazoezi kama kulipa deni la ulichokula. Mtu anaweza kuwa na moja tu kati ya hizo, akawa bado hajafikia ugonjwa wenye jina hospitalini, na mwili ukawa umeshaanza kuharibika.

Ni wangapi? Mwaka 2023 jarida la JAMA Pediatrics la Marekani lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 32 kutoka nchi 16, jumla ya watoto na vijana 63,181 wa miaka 6 hadi 18. Asilimia 22 walionyesha dalili za ulaji uliovurugika. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 30, kwa wavulana asilimia 17. Kwa hiyo darasa la wasichana 40, tukichukua wastani huo, lina mabinti 12 hivi.

Tafiti hizo zilitumia dodoso fupi linaloitwa SCOFF, lililotungwa na madaktari wa London na kuchapishwa 1999. Lina maswali matano tu. Je, huwa unajitapisha kwa sababu umeshiba hadi unajisikia vibaya? Una wasiwasi kwamba huwezi tena kujizuia unapokula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi mitatu ya karibuni? Unajiona mnene wakati wengine wanakuambia umekonda? Unaweza kusema chakula kinatawala maisha yako? Ndiyo mbili au zaidi, unatakiwa kuchunguzwa. Zingatieni neno "kuchunguzwa". Ile asilimia 22 ni walionaswa na wavu wa kwanza, si wote waliothibitishwa na daktari kuwa wagonjwa.

Karibuni tujadili, hasa walimu, wazazi, na mabinti wenyewe kama wamo.

Mkulima wa Alizeti

Muuguzi, pole na majukumu. Nimekusoma vizuri lakini naona hapa tunaazima magonjwa ya watu. Mimi nimekulia kijijini, watoto kumi na mmoja kwenye sinia moja. Ukichelewa kunawa unakuta sinia limeshakauka. Kijana wa kwetu anayeacha chakula kwa hiari yake sijamwona. Tena kwetu mwili ni heshima. Bibi harusi akija mwembamba, watu wanauliza kwao kuna nini. Hayo ya kujitapisha ni ya nchi ambako wameshiba hadi wamekinai.

Muuguzi wa Bweni

Mkuu, hoja yako naiheshimu. Nina mfano wa watu waliokuwa na imani kama hiyo yako.

Kule Fiji, visiwa vya Pasifiki, mwili mkubwa ulikuwa sifa. Mgeni alilishwa, mtoto alilishwa, na mtu akipungua ilisomwa kwamba nyumbani kwake hawamtunzi. Kukosa hamu ya kula walikuhesabu kuwa ni ugonjwa, na walikuwa na dawa zao za mitishamba za kumrudishia mtu hamu. Daktari Anne Becker wa Harvard alikuwa amefanya kazi huko kwa miaka mingi. Mwaka 1995 televisheni ilifika mkoa wa Nadroga. Wiki chache tu baada ya kufika, Becker aliwahoji wasichana wa sekondari. Aliowakuta wakijitapisha ili wapungue: hakuna hata mmoja. Mwaka 1998 akarudi akahoji wasichana wengine wa rika lilelile, mahali palepale. Safari hii waliojitapisha walikuwa asilimia 11. Waliopata alama za hatari kwenye dodoso jingine, linaloitwa EAT-26, walipanda kutoka asilimia 13 hadi 29. Karibu robo tatu walisema huwa wanajiona wanene mno.

Idadi ya wasichana ilikuwa ndogo, sitini na kitu kila awamu, kwa hiyo hatuwezi kuibebesha mzigo wa kisiwa kizima. Ila kutoka sifuri hadi 11 ndani ya miaka mitatu si jambo la kupuuza, kwa jamii ambayo bibi zao walikuwa wanasema maneno yaleyale unayoyasema wewe. Na mabinti hao hawakuwa wamekinai chakula. Walimweleza kwamba wanawaona wale wa kwenye televisheni wembamba, wana kazi, wana pesa, nao wanataka maisha hayo. Kwa akili ya mtoto wa miaka 17 anayetafuta pa kutokea, mwili ulikuwa kitu pekee alichoweza kukibadilisha yeye mwenyewe.

Kuna utafiti wa pili wa Becker na wenzake, wa 2011, ambao mimi ndio unaonisumbua zaidi. Walikuta kwamba binti aliyezungukwa na marafiki wanaotazama sana televisheni na video yuko hatarini hata kama yeye mwenyewe hatazami sana. Shuleni kwetu simu ni marufuku, na wazazi wanatulia kwa hilo. Lakini wakirudi kutoka likizo wanarudi na kila kitu kichwani, na aliyekaa likizo nzima akichunga mbuzi anafundishwa bwenini usiku wa kwanza na aliyekuwa na simu.

Mwalimu wa Hesabu

Nafundisha sekondari ya kata, ya kutwa. Wanafunzi wangu wengine wanatembea kilomita nyingi, wanafika bila kunywa chai, saa nane bado hawajatia kitu mdomoni. Wazazi wakishindwa mchango wa chakula, mtoto anakaa chini ya mti wenzake wakila makande. Ukinipa dodoso lako hilo niwagawie, nusu ya darasa watasema chakula kinatawala maisha yao. Na wamepungua kilo. Je, nao utawaandika wana ulaji uliovurugika? Hapo ndipo takwimu za namna hii zinaponitia shaka.

Muuguzi wa Bweni

Mwalimu, umegusa penyewe. Mwaka 2004 mtafiti Daniel le Grange na wenzake walichapisha utafiti wa Afrika Kusini uliokuta hichohicho. Vijana weusi wa familia maskini walipata alama za juu kwenye dodoso. Walipokaa nao na kuwauliza kila jibu lilimaanisha nini, wengi wao walikuwa wanaeleza njaa. Anayesema "nawaza chakula muda wote" alikuwa hana chakula. Kwa hiyo dodoso peke yake, likipelekwa mahali penye uhaba bila swali la "kwa nini", linadanganya. Hii ndiyo sababu mimi nauliza ana kwa ana.

Ila naomba tusihame upande mmoja tukaangukia wa pili. Njaa ya lazima na njaa ya hiari mwili hauzitofautishi. Kati ya 1944 na 1945 kule Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kula polepole kwa kuficha sahani, kukasirika ovyo, kujitenga na wenzao. Na walipoachiwa kula, baadhi yao walikula hadi wakaumwa, na bado wakasema hawajashiba. Hao walikuwa wanaume wazima ambao hawakuwa na shida yoyote na maumbo yao.

Kwa hiyo ukimwona binti aliyejibana wiki nzima akafakamia Jumapili, usiseme ana tamaa. Mwili wake unadai. Na mwanafunzi wako wa chini ya mti, akifika nyumbani akala sufuria zima halafu akaona aibu, naye yuko njia hiyohiyo hata kama alianzia kwenye umaskini. Yeye dawa yake ya kwanza ni mlo wa mchana shuleni. Nani hajala kwa kukosa, nani hajala kwa kukataa, wewe mwalimu wa darasa unaweza kuwatambua mapema kuliko mimi.

Binti wa Temeke

Mnaongelea kukonda tu. Mimi nilikuwa kidato cha tatu nikawa natafuta kunenepa. Nilikuwa mwembamba, wavulana wananiita fimbo. Dada wa saluni akaniuzia vidonge kwenye kimfuko cha nailoni, havina boksi wala karatasi, akasema meza viwili usiku, utaona shepu. Nilikuwa nalala darasani kama nimepigwa. Nikala kweli, nikanawiri, uso ukawa duara, kila mtu ananisifia. Mama mwenyewe akasema sasa mwanangu umependeza. Baada ya muda nikatoka michirizi mapajani na tumboni, nikawa nachoka nikipanda ngazi. Nilipoacha nilijisikia vibaya, kizunguzungu na kutapika, hadi nikarudia kumeza. Sikumwambia mtu. Natamani mtu angeniuliza.

Muuguzi wa Bweni

Mdogo wangu, asante sana kwa kusema. Ulichokieleza ni tabia hatarishi ya ulaji kama zile nyingine, na maswali yale matano ya London hayana pa kuikamata, maana walioyatunga walikuwa wanatafuta wanaotaka kukonda tu.

Kwa wasomaji: vidonge vya namna hii mara nyingi huwa ni dawa za hospitali zinazotumiwa kinyume. Ipo cyproheptadine, dawa ya mzio, ambayo inaleta usingizi na kufungua hamu ya kula. Ipo dexamethasone, ambayo ni steroidi yenye nguvu. Hiyo ya pili ndiyo inayojaza uso ukawa duara, inachana ngozi michirizi, inapandisha sukari na presha, inashusha kinga ya mwili. Na mtu akiitumia kwa muda mrefu, tezi zake zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni ambayo mwili unaitegemea, kwa hiyo akiikata ghafla anaweza kuanguka. Kizunguzungu na kutapika ulikopata kunaendana na hilo. Aliye humu na anatumia sasa hivi asikate mwenyewe usiku wa leo. Aende hospitali na kimfuko chake, amwambie daktari ukweli, apunguziwe taratibu.

Na kina mama wenzangu, pale "umependeza" palinichoma. Tunasifia matokeo bila kuuliza yametoka wapi, akinenepa tunasifia, akipungua tunasifia.

Jirani wa Kisumu

Hamjambo majirani. Huku kwetu Nyanza wasichana wa shule wanakula mchanga na yale mawe laini yanayouzwa sokoni. Mama mjamzito akila watu hawashangai, lakini hawa ni wasichana wa miaka 13, 14, wanaweka kwa mfuko wa sketi na kutafuna kama peremende wakiwa darasani. Hiyo nayo inahesabiwa?

Muuguzi wa Bweni

Inahesabiwa, jirani, ingawa iko kwenye fungu lake. Utafiti uliofanyika hukohuko Magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 1997 uliwahoji wanafunzi 285 wa miaka 5 hadi 18, na asilimia 73 walisema wanakula udongo. Kiasi cha kati kilikuwa gramu 28 kwa siku. Huku kwetu tuna pemba, udongo mgumu wa kutafuna, na wengine wanatafuna mchele mbichi au barafu.

Msichana anayefanya hivi usimpige wala usimcheke. Mpime wingi wa damu na minyoo. Hamu ya vitu hivi inafuatana sana na upungufu wa madini ya chuma, na msichana aliyeanza hedhi anapoteza chuma kila mwezi. Wengi nikiwatibu damu hamu yenyewe inapungua.

Kocha wa Mtaa

Msisahau wavulana. Nina vijana wa ndondi hapa. Wiki ya kupima uzito anavaa masweta mawili anakimbia juani, hanywi maji, anatema mate kwenye chupa. Akishapimwa anakula chipsi sahani tatu. Wengine wa vyuma wanataka kifua, wanakula mayai na unga wa protini tu, wali na ugali wanaviogopa. Nilikuwa naona ni nidhamu ya mchezo.

Muuguzi wa Bweni

Kocha, ndiyo maana ile asilimia 17 ya wavulana naiamini, na nahisi ni zaidi, kwa sababu mvulana haulizwi. Kijana ambaye bado anakua apangiwe kupigana kwenye uzito wa mwili alionao. Kukausha maji kunaua figo na moyo, usikubali kwenye klabu yako hata kama mshindani wake anafanya.

Baba wa Watatu

Dada muuguzi, nimesoma uzi huu nikiwa kazini na mikono inatetemeka. Binti yangu wa kwanza ana miaka 15, anasoma kutwa. Tangu likizo ya Desemba haketi nasi mezani. Anasema amekula kwa rafiki. Akila, anaingia bafuni muda huohuo na kufungulia bomba. Mashavu yake yamevimba kama mwenye matumbwitumbwi, nilimpeleka zahanati wakampa antibiotiki. Mama yake anasema ni mambo ya umri. Nikimwambia kula analia. Nifanye nini? Nimnyang'anye simu?

Muuguzi wa Bweni

Kaka, pole. Umeona mambo ambayo wazazi wengi hawayaoni, na bado muda upo.

Nianze na mashavu. Anayejitapisha mara kwa mara tezi za mate huvimba pande zote mbili, bila homa, bila maumivu makali. Antibiotiki haitagusa hilo. Tazama pia mkono wake wa kulia, juu ya vifundo vya vidole, kama kuna makovu au ngozi ngumu. Yanatokana na meno kukwaruza anapojitapisha. Alama hiyo aliieleza daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979, na hadi leo ni msaada mkubwa kwetu. Usimshike mkono kwa nguvu ukaukagua kama polisi. Utaona akipokea kitu.

Swali jingine amuulize mama yake: hedhi. Msichana aliyekuwa anapata kila mwezi akakosa miezi mitatu mfululizo, mwili wake huenda umezima kile ambacho hauwezi kukimudu kwa njaa. Hapa tuna kosa kubwa mashuleni. Binti akikosa hedhi anapimwa mimba, akionekana hana, kila mtu anashusha pumzi na hakuna anayeuliza tena.

Hospitali usiende kuomba dawa ya tumbo. Sema waziwazi: nadhani mwanangu anajitapisha baada ya kula. Omba apimwe madini ya damu, hasa potasiamu, na mapigo ya moyo kwa mashine. Kutapika kunamwaga potasiamu, na ikishuka sana moyo unaweza kuvuruga mapigo hata kwa mtoto anayeonekana mzima kabisa, mwenye mwili wake. Hilo la potasiamu usilicheleweshe. Akizimia, akisikia moyo unaruka, au akitapika damu, ni dharura, nenda usiku huohuo. Baada ya hapo aonwe na idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa. Najua neno hilo linawatisha wazazi. Mwanao hajawa kichaa. Hao ndio waliosomea jambo hili.

Sasa nyumbani. Usianze na chakula, na usianze na mwili wake. Mwite mkiwa wawili tu, mkiwa mnatembea au mkiwa kwenye gari, msitazamane usoni. Sema ulichokiona, bila kumhukumu: "Mwanangu, naona baada ya kula unakwenda bafuni, na naona huna raha. Sina hasira. Nataka nijue unapitia nini." Halafu nyamaza. Akikataa, usibishane, mwambie utamuuliza tena na kwamba kesho mnakwenda kwa daktari hata hivyo. Kulia ni sawa.

Simu usimnyang'anye kama adhabu, maana atakachojifunza ni kuficha. Kaeni naye mtazame pamoja anaowafuatilia. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilivuja, na humo watafiti wa kampuni wenyewe walikuwa wameandika kwamba Instagram inawazidishia matatizo ya kuuchukia mwili msichana mmoja kati ya watatu. Hilo mwonyeshe, aelewe kwamba kuna watu walijua.

Mlo urudi kuwa kazi ya wazazi. Kwenye hospitali ya Maudsley, London, tangu miaka ya 1980 walijenga matibabu ambayo baba na mama wanashika usukani wa chakula cha mtoto kwa muda. Wanapanga, wanapakua, wanakaa naye hadi amalize, na baada ya mlo kama saa moja hivi anakuwa na mtu, mnaongea au mnatazama mpira, haendi chooni peke yake. Kwa watoto wa umri wa binti yako njia hii imesaidia wengi. Na familia zinazokula kwenye sinia moja zina mahali pazuri pa kuanzia.

Halafu tangaza nyumbani, na kwa shangazi na wajomba wanaokuja, kwamba salamu za "umenenepa siku hizi" na "mbona umekwisha" zimefungwa. Kwetu tunasema kwa upendo, najua. Kuna mabinti wameniambia siku na mtu aliyelisema neno hilo, miaka miwili imepita.

Akitaka kuongea na mtu asiyemjua, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure, Tanzania na Kenya pia.

Baba wa Watatu

Asante dada. Mungu akulipe. Kesho asubuhi tunakwenda, nimeshaomba ruhusa kazini.

Daktari wa Meno

Nyongeza moja. Asidi ya tumboni inakula meno ya juu ya mbele kwa upande wa ndani, yanakuwa membamba na yanauma akinywa baridi. Wengi wakishatapika wanakimbilia mswaki, na hapo wanayasugua yakiwa yamelainika. Asukutue kwa maji, asubiri kama nusu saa. Na sisi wa meno mara nyingi ndio wa kwanza kuona. Tukimuuliza binti faragha, mama akiwa nje, wengi wanasema.

Mama Tanga

Assalaam alaykum. Mimi nina swali la Ramadhani. Binti yangu alipitia haya mwaka jana, akapata matibabu, sasa anaendelea vizuri kidogo. Mwezi mtukufu unakaribia na yeye ndiye mwenye hamu ya kufunga kuliko sote nyumbani, tayari ameanza na sunna za Jumatatu na Alhamisi. Nashindwa kumzuia mtoto ibada.

Muuguzi wa Bweni

Wa alaykum salaam mama. Swali lako ni zito, na si la Waislamu peke yao. Nina wanafunzi wa Kikristo wanaoongeza siku za kufunga na kuomba kila wiki mpaka nashindwa kujua ipi ni sala na ipi ni kukimbia bwalo. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa 2004 uliwapima wasichana 668 wa sekondari. Walipatikana 10 waliokonda sana ambao sababu pekee iliyoonekana ni kujinyima wenyewe, na hawakusema wanaogopa unene. Walisema ni imani, ni kujitawala, ni kuishinda nafsi. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa mkweli kabisa katika nia yake na bado mwili ukawa unaangamia, na anayemuuliza "unaogopa kunenepa?" atajibiwa hapana na kumruhusu aende zake.

Angalia hamu hiyo imeanza lini. Kama sunna zimeanza baada ya nyie kumsimamia milo, mimi ningehofia. Mgonjwa ameruhusiwa na Kurani yenyewe kula na kuzilipa siku nyingine, iko kwenye sura ya Al-Baqara, na aliye kwenye matibabu ya namna hii ni mgonjwa hata kama anatembea na kucheka. Mpeleke kwa daktari wake kabla mwezi haujaandama, apimwe uzito na potasiamu, kisha nendeni pamoja kwa sheikh mnayemwamini na maneno ya daktari mkononi. Mtoto akiyasikia kwa sheikh hatabaki na dhana kwamba mama amemnyima thawabu. Kwa sasa zile za sunna azisimamishe kwanza. Zipo ibada nyingi anazoweza kujazia mwezi wake: msomeshe Kurani wadogo zake, apike futari ya majirani, aende tarawehe na wewe.

Na daktari akimruhusu, futari na daku ale na nyinyi, aanze kwa uji na tende na mlo kamili ufuate, mtu akae naye saa moja baada ya futari. Ukiona daku anaamka akanywa maji tu na kurudi kulala, siku hiyo asifunge, na daktari aambiwe.